Kuhamishia picha kwenye hadi diski ya nje si bekapu

Nimechoka kusikia "fundi, mimi nina bekapu" kutoka kwa mtu ambaye picha zake zote ziko kwenye hadi diski (hard disk) moja ya nje. Laptopu ilijaa, akazihamishia huko, akazifuta kwenye laptopu apate nafasi. Hiyo si bekapu. Faili zilikuwa mahali pamoja, na bado ziko mahali pamoja, tena kwenye kifaa kinachokaa ukingoni mwa meza na waya ambao mtoto yeyote anaufikia. Bekapu ni nakala ya pili ya kitu ambacho bado unacho.

Juzi mama mmoja wa Kansanga, hapa Kampala, aliniletea hadi diski yake ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Kwanjula ya binti yake (sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani), harusi, watoto tangu wachanga, vyote humo. Nilipoichomeka ikatoa ule mlio: tik, tik, tik, kimya, tik. Nikaichomoa papo hapo.

"Mama, imelia hivi tangu lini?"

Tangu wiki iliyopita, na alikuwa ameijaribu kwenye kila kompyuta ya majirani. Hapo ndipo roho inaponiuma. Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka, nyingi za kubebeka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kugusa. Kikiharibika, kila unapoiwasha tena unaweza kuwa unakwangua picha zenyewe. Ukisikia mlio huo chomoa, uache. Usiipige kofi, usiiweke kwenye friji.

"Basi nitanunua SSD, ile diski isiyo na sahani zinazozunguka, haifi." Inakufa. Kwa laptopu nunua SSD bila kufikiri mara mbili, kwa sababu ni nyepesi, ina kasi na haiogopi kudondoka kama ile ya sahani. Lakini mara nyingi hufa bila kuaga: jioni umefanya kazi vizuri, asubuhi hata BIOS, programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa, haiioni. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, amri ya TRIM huifanya SSD isafishe sehemu hiyo, na programu za kurejesha faili hazikuti kitu. Tena data yake ni chaji ya umeme inayovuja polepole. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya kielektroniki, kwa SSD za matumizi ya nyumbani kinadai kwamba iliyokwisha kuchoka ihifadhi data mwaka 1 tu bila umeme kwenye nyuzi 30. Mpya hukaa zaidi, lakini kwa kitu cha kufungia kabatini mimi nachagua hadi diski ya kawaida.

Na ile programu ya kupima afya ya diski, inayokuandikia "Good" kwa rangi ya buluu? Naitumia kila siku, na siiamini inavyotakiwa kuaminiwa. Watafiti wa Google walichapisha mwaka 2007 kwamba zaidi ya asilimia 36 ya hadi diski zilizokufa kwao hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote ya SMART, yaani mfumo wa diski kujipima yenyewe ambao programu hiyo huusoma, ukiacha joto. Ikisema mbaya, iamini. Ikisema nzuri, usilale.

Kuna wanaoniambia picha ziko Google, kwa hiyo wamemaliza. Ukifuta picha ndani ya Google Photos kwenye simu, inafutika na kule juu. Inakaa kwenye pipa la taka siku 60, halafu basi. Simu na akaunti zinafuatana, na kosa lako nalo linafuatana nazo. Nafasi ya bure ni GB 15, pamoja na barua pepe zako. Kupandisha TB 1 kwa kasi ya Mbps 10 ni zaidi ya siku 9 mchana na usiku, umeme usikatike. Kwa hiyo ile kanuni ya nakala 3, vifaa vya aina 2, na 1 nje ya nyumba, naikubali, ila nina shaka kama familia nyingi za hapa Kampala zitaweza kuifuata kwa intaneti.

Ninachowaambia wateja: nunua hadi diski mbili za nje. Moja ikae kwako, ichomekwe wakati wa kunakili tu, kwa sababu kirusi kinachofunga faili hufunga na diski yoyote kinayoikuta imechomekwa. Nyingine ikae kwa dada au shangazi, mbadilishane mkitembeleana. Mwizi akiingia kwako hatapita na kwa shangazi. Ile flashi ya TB 2 ya bei ya kutupa, achana nayo. Nyingi zimedanganywa ukubwa, na zikijaa huandika juu ya faili za zamani. Ipime kwa programu ya H2testw utajionea.

Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski zenyewe kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data kwa msimbo. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft leo, uandike ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Mimi bila huo siwezi kukusaidia, hata diski ikiwa nzima.

Na ukimaliza kunakili kwenye diski zote mbili, fungua video mbili tatu kwenye kompyuta nyingine, uzitazame hadi mwisho, ndipo ufute zilizo kwenye laptopu.