Steri ya kuni ni nini hasa?

Mjini Goma, Kongo, anayenunua kuni za kupikia leo jioni hununua fungu. Anayetaka za mwezi mzima, awe na tanuru la mikate au jiko la kuotea moto sebuleni, huambiwa bei kwa steri. Hapo ndipo pesa hupotea, maana wengi wanajua bei ya steri bila kuijua steri yenyewe.

Steri ni rundo la kuni zilizopangwa, lenye urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1. Kipimo hiki kilitungwa Ufaransa mwaka 1795, pamoja na mita na gramu. Shika neno «zilizopangwa»: steri hupima nafasi, na ndani ya nafasi hiyo kuna hewa. Mikaratusi iliyonyooka, ikipangwa vizuri, hujaza kama asilimia 65 hadi 70 ya nafasi hiyo. Matawi yaliyopinda yanaweza kushuka hadi karibu nusu.

Mambo huchanganyika msumeno unapoingia. Chukua steri 1 ya magogo ya mita 1, uyakate katikati, uyapange upya. Vipande vifupi hubanana zaidi, na rundo linashuka hadi mita 0.8 za ujazo. Ukikata kwa sentimita 33, linabaki kama 0.7. Hakijapungua hata kijiti, ni hewa tu imetoka. Kwa hiyo anayekupa 0.8 ya vipande vya sentimita 50 amekupa steri kamili, usimgombeze. Wa kugombezwa ni yule anayejenga ukuta wa mita 1 kwa mita 1, safu moja ya vipande hivyohivyo, na kusema «hii ni steri». Ukisimama mbele, mraba umetimia. Zunguka ubavuni upime kina: 1 × 1 × 0.5, yaani nusu mita ya ujazo. Gawa kwa 0.8, umelipia steri 1, umepata 0.62 hivi.

Kuni zilizomwagwa tu kwenye gari ni hesabu nyingine. Steri 1 ya vipande vifupi ikimwagwa ovyo huweza kuchukua karibu mita 1.5 za ujazo. Basi zipangwe chini kwanza, upime kwa mita ya fundi, halafu ulipe. Chukudu iliyojaa, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, si kipimo hata kidogo, ingawa ndiyo itakayokufikishia mzigo nyumbani.

Kununua kwa kilo kunakwepa hewa, lakini kunaleta maji. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na kilo yake hutoa kama nusu ya joto la kilo kavu, pamoja na moshi wa kutosha kumtoa mgeni nje. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia «ko!», vibichi hutoa sauti nzito. Tazama pia ncha, kama zina nyufa, na kama ganda linabanduka.

Ukinunua mbichi kwa bei nafuu, panga juu ya mawe ya volkano zisiguse udongo, mabati juu, pande zote wazi upepo upite. Mikaratusi ipasue mapema, ingali na maji. Ikishakauka, nyuzi zake zilizojisokota hurudisha shoka.