Si mwili uliozoea Amoxil

Jumatano iliyopita nyanya mmoja wa Nyalenda aliiweka chupa ya Augmentin kwenye dirisha la maabara kama mtu anayeleta ushahidi kortini. Mjukuu wake, miezi 11, amelala mgongoni, pua inachuruzika. Kipimo cha malaria kilikuwa kimetoka bila wadudu. "Daktari," akaniambia (mimi si daktari, lakini hapa Kisumu koti jeupe ni koti jeupe), "huyu mwili wake umezoea Amoxil. Hata umpe debe zima, hasikii. Duka la dawa wameniambia nimpe hii yenye nguvu."

Ningenyamaza. Shida ni kwamba alikuwa wa tatu wiki hiyo, na wa pili hata hakuwa mzazi. Ilikuwa fomu ya kuomba kuotesha damu, yaani kutafuta bakteria ndani yake, imeletwa kutoka wodini, na kwenye nafasi ya maelezo mtu aliyesomea kazi hii ameandika kwamba mgonjwa "amezoea penisilini" (ukoo wa dawa ambamo Amoxil, yaani amoksisilini, imo). Basi leo nimekaa chini nikaandika.

Mwili hauzoei antibiotiki. Mwili huzoea pombe, huzoea miraa, huzoea dawa kali za maumivu. Antibiotiki haina ugomvi na mwili wako. Inapita kwenye damu ikimtafuta bakteria. Anayekuwa sugu ni bakteria. Na bakteria sugu ana miguu: anatoka pua ya mtoto wa nyumba hii, anaingia pua ya mtoto wa nyumba ile ambaye tangu azaliwe hajaonja Amoxil hata kijiko. Ndiyo maana neno "kuzoea" linanikera. Mama ambaye hajawahi kununua dawa ovyo anajiona yuko salama, kwa kuwa mwili wa mwanawe "haujazoea", kumbe mdudu sugu alishaletwa na binamu Jumapili.

Nazungumzia hasa bakteria aitwaye nimokokasi, kwa kuwa ndiye ninayeamka naye. Makazi yake ni nyuma ya pua, kwa watoto wazima kabisa wanaocheza na kula. Mara moja moja anavuka mpaka: anaingia mapafu, damu, au utando wa ubongo. Akifika kwenye damu au maji ya uti wa mgongo tunasema ugonjwa ni vamizi. Kwenye sahani ya agari ya damu (chakula tunachomwoteshea), baada ya usiku mmoja ndani ya mtungi wenye mshumaa uliojizima (ndivyo tunavyompatia kaboni dayoksaidi anayoipenda), anaacha ukungu wa kijani, na kila koloni imebonyea katikati, ukingo umeinuka, kama kifuniko cha soda kilichogeuzwa juu ya ubao wa drafti. Mzuri kumtazama. Muuaji pia.

Sasa nirudi kwa ile chupa, maana hapo ndipo damu yangu huchemka.

Augmentin ni Amoxil pamoja na kitu kingine kiitwacho klavulaneti. Klavulaneti yenyewe haiui nimokokasi. Kazi yake ni kukikamata kile kimeng'enya ambacho bakteria wengine hukitema ili kuikatakata penisilini kabla haijafika. Kwa bakteria wa namna hiyo, kama baadhi ya hemofilasi na stafilokokasi, Augmentin ina maana, sikatai. Lakini nimokokasi hatemi kimeng'enya hicho. Usugu wake ni wa njia nyingine kabisa. Penisilini huua kwa kuwashika mikono mafundi wanaojenga ukuta wa bakteria. Ukuta ukibaki na mianya, bakteria anapasuka. Nimokokasi sugu amebadilisha mafundi. Wapya wana mikono ambayo dawa inaishika kwa shida. Na mafundi hao hakuwatengeneza mwenyewe: vipande vya jeni zao amevichukua kwa majirani wa kooni, streptokokasi wapole ambao hatuwajali. Tabia hii ya kuokota jeni za wengine ni ya zamani. Frederick Griffith aliiona kwa panya mwaka 1928, kabla penisilini haijakuwa dawa.

Kwa hiyo dhidi ya nimokokasi, kile kilichoongezwa ndani ya Augmentin ni mlinzi uliyemwajiri kumzuia mwizi ambaye hata haji kwako. Unachopata zaidi ni bei, na mtoto kuharisha.

Subiri, kuna kibaya zaidi. Mkono wa fundi mpya haukatai dawa kabisa. Anashikika, ila inahitajika dawa nyingi zaidi. Usugu wa nimokokasi kwa penisilini ni ngazi, na mara nyingi ukiongeza kiwango unampata. Ndiyo sababu mtoto mwenye nimonia huandikiwa amoksisilini angalau miligramu 40 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Nikaigeuza chupa ya nyanya nisome: miligramu 228 kwa kila mililita 5. Katika hizo, amoksisilini ni 200 tu. Juu ya lebo mtu ameandika kwa kalamu, mililita 5 asubuhi, 5 jioni. Tulikuwa tumempima mtoto: kilo 10. Alihitaji 400 kila mara, kama kweli ilikuwa nimonia. Dawa "yenye nguvu" ilikuwa inampa nusu. Vile vidonge vya Amoxil vya 250 vinavyoyeyuka kwenye maji, viwili asubuhi na viwili jioni, vingemfikisha na kupita, na ndivyo ambavyo familia ilivikataa kwa sababu mwili umezoea.

Na kama haikuwa nimonia, kama ilikuwa mafua ya virusi, basi Amoxil "haikusikika" kwa sababu hapakuwa na wa kumsikiliza.

Septrin, antibiotiki nyingine, naigusa tu. Nikiweka kidonge cha karatasi chenye Septrin kwenye sahani ya nimokokasi wetu, dawa ikifanya kazi huacha duara tupu pasipoota kitu; lakini mara nyingi bakteria wanaota hadi ukingo wa karatasi, wanakaribia kupanda juu. Imetumika sana miaka mingi. Wanaoishi na VVU wanaoandikiwa Septrin ya kila siku wasiache kwa sababu ya maneno yangu. Inawakinga na mengine mengi.

Kuna jambo jingine, na hili ni la wenzangu wa wodini. Mnaponipigia simu kuuliza "ni sugu ama si sugu?", siwezi kujibu mpaka mniambie bakteria ametoka wapi. Kwanza napima kwa karatasi ya oksasilini, ndugu ya penisilini: duara tupu likifika milimita 20, penisilini inafaa, tumemaliza. Likiwa 18, kama lile la mwezi jana nililopima mara tatu kwa rula nikitumaini litakua, sijui bado, lazima nitafute kiwango chenyewe cha penisilini, kile kidogo kabisa kinachomzuia asiote. Sasa tuseme kiwango kimetoka mikrogramu 0.5 kwa mililita. Kama mgonjwa ana nimonia, kwa vipimo vinavyotumika tangu mwaka 2008, bakteria huyo anasikia penisilini ya sindano, endelea na X-pen yako. Bakteria huyohuyo, sahani hiyohiyo, akiwa ametoka kwenye maji ya uti wa mgongo, ni sugu, maana dawa hupenya kwa uchache kufika kule; mpe seftriaksoni na usinisubiri mimi. Majibu mawili, mdudu mmoja. Mtu aliyenikatia simu akisema maabara haijielewi, nilimsamehe Ijumaa.

Haya, chanjo ya nimokokasi. Watu wanaipanga kwenye rafu tofauti na usugu: chanjo ni ya kliniki ya watoto, usugu ni wa duka la dawa. Ni rafu moja. Nimokokasi wako zaidi ya aina 100, wanatofautiana kwa ganda la sukari walilovaa. Aina zilizokuwa zimependa zaidi pua za watoto ndizo zilizokutana na dawa nyingi zaidi, na ndizo zilizojifunza usugu: 6B, 9V, 14, 19F, 23F. Hizo zote zilikuwa ndani ya chanjo ya aina 10 iliyoingia Kenya mwaka 2011, ile ya paja la kulia wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Huko Kilifi, ambako pia watoto wote wa chini ya miaka 5 walipewa nafasi ya kuchanjwa mwanzoni, watoto waliobeba aina za chanjo puani walishuka kutoka asilimia 34 hadi 13 muda mfupi baadaye. Ugonjwa vamizi wa aina hizo kwa wadogo hao ukaja kushuka kwa asilimia 92, na hata watu wazima ambao hawakuchomwa sindano yoyote walinufaika, kwa kuwa wajukuu waliacha kuwaletea mdudu.

Kwa hiyo chanjo haiangalii kama bakteria ni sugu au la. Inamfukuza mlangoni akiwa na usugu wake wote mfukoni. Hakuna dawa mpya ninayoijua inayofanya hivyo.

Lakini nisiwauzie maji ya ziwa kwa bei ya soda. Pua ya mtoto haibaki tupu: aina zisizo kwenye chanjo huhamia palipoachwa. Marekani walianza na chanjo ya aina 7 mwaka 2000, aina ya 19A iliyokuwa nje ya orodha ikapanda, ikiwa sugu, hadi wakaleta chanjo ya aina 13 mwaka 2010. Kilifi uhamaji huo haukufuta faida. Hata hivyo kila nikiona duara dogo kwenye sahani huwa najiuliza ni nani huyu aliyehamia.

Nina wasiwasi pia na namba zetu wenyewe. Nimokokasi hujiua. Akishaota vya kutosha ndani ya chupa ya damu, anajiyeyusha. Ukichelewa, chupa inaonyesha kulikuwa na mtu lakini kwenye sahani hapaoti kitu. Ongeza mtoto aliyekunywa dawa nyumbani siku mbili kabla ya kutolewa damu, na mimi naandika "hakuna kilichoota". Huandika hivyo mara nyingi mno. Tafadhali msisome kwamba hakuna ugonjwa.

Na ungamo: kwa miaka mingi nimewaambia watu "maliza dozi, usipomaliza unatengeneza usugu". Sasa naisema kwa sauti ya chini. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa watoto 795 wa Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika: nusu walipewa amoksisilini ya kiwango kikubwa kwa siku 5, nusu kiwango kidogo kwa siku 10. Siku ya 28, waliobeba nimokokasi asiyesikia penisilini vizuri walikuwa asilimia 24 kwa wale wa siku 5, na 32 kwa wale wa siku 10. Dawa ndogo ya muda mrefu ndiyo iliyowalea. Bado simwambii mtu aache siku ya pili kwa sababu homa imeshuka. Namwambia amalize alizoandikiwa, nikiomba kimoyomoyo kwamba aliyeandika hakuongeza siku kwa mazoea. Hilo ndilo zoea la kuogopa, kama mnataka kulitumia neno.

Nyanya hakuyapata haya yote. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimwomba kijitabu cha kliniki. Wiki ya 6 ipo, ya 10 ipo, ya 14 ni tupu: kulikuwa na matanga Siaya, kisha mama mtu akarudi kazini Nakuru, kisha ikasahaulika. Nikamwambia bado haijapita, apitie kwa klinisheni amsikilize mtoto kifua, kisha aende chumba cha chanjo, mlango wa pili baada ya mizani. "Hiyo sindano ndiyo itafanya asikie Amoxil?" akauliza. Nikafungua mdomo, nikaangalia foleni, nikasema, "Karibu hivyo, nyanya." Akaenda. Chupa ya Augmentin aliirudisha kwenye mkoba.