Mzigo wa hisia wa mwalimu wa historia ni nini?

Mzigo wa hisia ni yale yanayobaki moyoni mwa mwalimu baada ya kufundisha mambo mazito: utumwa, vita, mauaji ya kimbari. Si uchovu wa kusahihisha madaftari wala wa darasa lililofurika. Uchovu ule ukilala unapungua. Huu huja na usingizi wa mang'amung'amu, hasira za ghafla nyumbani, au mtu kuanza kuiogopa mada fulani wiki kadhaa kabla hajaifikia.

Wataalamu wana njia mbili za kuueleza. Moja ni kiwewe cha kupokea: mtu hakuumizwa yeye, lakini kwa kusikia na kusimulia mateso ya wengine mara kwa mara, dalili za aliyeumizwa zinamwingia. Dhana hii ilikua miaka ya 1990, hasa kwa kuwachunguza washauri wanaohudumia manusura. Nyingine ni kazi ya hisia, iliyoelezwa mwaka 1983 na mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild: unalipwa ili uso wako uonyeshe kinachotakiwa na kazi, hata kama moyoni kuna jingine. Yeye aliwatazama wahudumu wa ndege. Kwa maoni yangu, hii ya pili ndiyo inayomkaba mwalimu zaidi, ingawa haitajwi sana.

Tuitazame Rwanda. Kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, kwa takribani siku 100, watu wapatao 800,000 hadi zaidi ya milioni moja waliuawa, kutegemea hesabu ya nani, wengi wao Watutsi. Shule hazikusalimika. Huko Murambi, kusini mwa nchi, maelfu waliokimbilia majengo ya shule ya ufundi waliuawa humo humo. Kicukiro, jijini Kigali, askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi na kuwaacha waliojihifadhi hapo mikononi mwa wauaji. Na kabla ya hapo, kwa miaka mingi, kulikuwa na walimu waliowasimamisha watoto darasani kwa makabila: Wahutu wasimame, sasa Watutsi. Ndiyo maana baada ya 1994 somo la historia ya nchi lilisimamishwa kwa miaka kadhaa. Ualimu wenyewe ulikuwa umetiwa doa.

Sasa mfikirie mwalimu wa leo. Akiwa na miaka arobaini na kitu, mwaka ule alikuwa mtoto. Pengine ni manusura. Pengine baba yake alifungwa kwa kushiriki. Mbele yake wamekaa vijana waliozaliwa baadaye, wengine kwenye nyumba za namna ile ile, na kabila haliulizwi. Kila sentensi anaitoa bila kujua itamgusa nani. Kisha mkono unanyooka: "Mwalimu, wewe ulikuwa wapi?" Swali la kitoto kabisa, halina ubaya. Lakini jibu lolote litamweka upande fulani, na wakati huo huo sheria ya kupambana na itikadi ya mauaji ya kimbari, iliyotungwa kwanza mwaka 2008, inamfanya apime maneno mara mbili. Basi anatulia, anajibu kama kitabu, anaendelea na ubao. Kile alichokizuia usoni hakipotei.

Anayefundisha Mapinduzi ya Januari 1964 kule Zanzibar anaijua hali inayokaribia hii: mjukuu wa aliyepata ardhi na mjukuu wa aliyepoteza ndugu, baadhi yao wakiwa wamekimbilia Oman, wanaweza kukaa dawati moja.

Kumwambia mwalimu "jikaze" ni kumwongezea kazi ile ile inayomchosha. Kinachosaidia ni vitu vya kawaida: kipindi kinachofuata kiwe kitupu, awepo mwenzake wa kufundisha naye mada hiyo, aruhusiwe kusema "hapa siwezi, leo tusome tu" bila kuonekana mzembe, na shule iwe na mshauri anayewapokea walimu pia.

Rwanda ina uzoefu mkubwa hapa. Katika kumbukumbu za Aprili, Kwibuka, watoa ushauri huwa tayari, kwa sababu inajulikana kuwa kuna watakaozidiwa na kuanguka kwa vilio. Tatizo ni kwamba ratiba ya masomo haifuati kalenda ya maombolezo. Mada hiyo hiyo inaweza kuangukia Jumanne ya Oktoba, saa nne asubuhi, kati ya hesabu na jiografia, na hapo mwalimu yuko peke yake.