Kwa mwanasaikolojia nawe una sauti: maswali na majibu

Je, mwanasaikolojia ataniambia la kufanya?
Si kwa amri. Wengi wetu hufika tukitarajia uamuzi kama wa mzee wa ukoo, au cheti cha dawa. Dawa ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili. Kwa mwanasaikolojia mnazungumza na kupanga pamoja. Yeye anazijua mbinu, wewe unayajua maisha yako.

Siku ya kwanza inakuwaje?
Kikao huchukua kama dakika 50. Utaulizwa kilichokuleta, usingizi, hamu ya kula, watu wa nyumbani, na pengine kama umewahi kufikiria kujiua. Swali hilo lisikutishe: kuulizwa hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Nawe uliza siri yako inalindwa hadi wapi. Kwa kawaida haitoki, ila maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru.

Kufanya kazi pamoja ni kufanya nini hasa?
Mwaka 1979 Edward Bordin, mwanasaikolojia wa Marekani, alitaja mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana njia, na kuaminiana. "Nataka amani" ni lengo pana mno. "Nataka niweze kupanda daladala tena baada ya ile ajali" linapimika. Mnaweza kuafikiana uanze kwa kusimama tu kituoni, wiki inayofuata upande hadi kituo cha pili ukiwa na ndugu yako, kila mara ukiandika ulichohofia na kilichotokea kweli. Hatua ikikuzidi, sema, ipunguzwe. Kazi hiyo ya nyumbani ina uzito, maana saa moja kwa wiki ni ndogo sana.

Nikitofautiana naye?
Mwambie. Hapa ndipo wengi hupotea: kwa heshima tunaitikia "sawa, daktari", kisha haturudi tena. Jaribu hivi: "Uliponiambia nimsamehe mume wangu, niliona hujanisikia." Mtaalamu mzuri hatakasirika, atataka kujua zaidi. Lakini akikutaka kimapenzi, akikukopa fedha au akikulazimisha kufuata dini yake, ondoka na umshtaki. Kenya, kwa mfano, ina bodi ya washauri nasaha na wanasaikolojia chini ya sheria ya 2014.

Nitajuaje kama tunasonga mbele?
Baada ya vikao vinne au vitano, muombe mlitazame upya lengo lenu. Ikiwa hakuna kilichobadilika, mnabadili njia, au anakuelekeza kwa mwenzake. Kuhama si kumvunjia heshima.