Kutoka Lubumbashi kwenda visiwani kwa mashua ya tanga: anza na mote

Mashua nyingi za tanga zinazozunguka visiwa vya Bahari ya Hindi zina watu wawili tu. Safari ikizidi usiku mmoja, wawili hao huchoka na kutafuta mtu wa tatu wa kushika zamu. Anayeitaka nafasi hiyo kutoka hapa Lubumbashi hudhani lazima kwanza ajue matanga. Mimi namshauri aanze na mote. Kutweka na kutua tanga utafundishwa chomboni. Lakini mtu wa kuamsha mote ya mazutu iliyozimika baharini hapatikani kila bandari, na kwetu ujuzi huo umejaa magaraji. (Pwani mote wataiita injini, na mazutu wataita dizeli. Zoea maneno ya pande zote mbili.)

Mote hizi ni ndogo, na nyingi hugoma kwa sababu zile zile. Bahari ikichafuka, taka zilizolala chini ya tangi hupanda na kuziba filta. Badilisha filta, legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu yake, piga pampu ndogo ya mkono mpaka mazutu yatoke bila mapovu, kisha kaza. Ikikataa bado, legeza nati za mabomba ya injekta huku stata ikizunguka mpaka mazutu yachuruzike.

Hapa ndipo fundi mzuri wa malori huharibu mote ya mashua. Kila stata inapozunguka, pampu huvuta maji ya bahari na kuyasukuma kwenye bomba la moshi. Mote isipowaka hakuna moshi wa kuyatoa, kwa hiyo hujaa na kurudi ndani ya silinda. Funga vali ya maji ya bahari kabla ya kuzungusha stata kwa muda mrefu, na uifungue mara tu mote inapowaka.

Ikishawaka, chungulia nyuma ya chombo. Moshi usipotoka na maji, zima mara moja. Tazama vali, kisha chujio la maji ya bahari, maana mfuko wa plastiki hutosha kuliziba. Mwisho fungua pampu uone feni yake ya mpira. Ikiwa imekatika mapanga, usiweke mpya tu ukafurahi. Hesabu vipande vilivyopotea na uvitafute kwenye mabomba ya kupozea, la sivyo vitaziba njia ya maji na mote itachemka tena.

Umeme nautaja kwa kifupi: chumvi hula viungo vya waya, na betri ya kawaida ya volti 12, ikiwa imepumzika bila kuchajiwa wala kutumiwa, ikishuka chini ya 12.2 imebaki na nusu au pungufu.

Njia ya kufika pwani ni Kasumbalesa, kisha Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kutoka hapo treni ya TAZARA ikiwa inasafiri, kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam, au basi kupitia Tunduma. Fika kati ya Juni na Septemba. Wakati huo kusi inavuma, na mkondo wa bahari wa Tanzania na kusini mwa Kenya huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo mashua hutoka Madagaska na Komoro zikiwa na upepo mgongoni. Wengine huwashusha wenzao Dar na kuendelea Unguja, Pemba, Tanga na Kilifi. Kushuka kusini ni kazi nyingine kabisa. Kusi inakupiga usoni, na kaskazi inapokuja kusaidia, Desemba hadi Machi, ndiyo majira ya vimbunga upande wa Komoro na Madagaska. Kimbunga Chido kilipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024.

Peleka karatasi moja kwenye ubao wa matangazo wa Dar es Salaam Yacht Club au Tanga Yacht Club. Andika unachoweza kutengeneza, tarehe zako, na kwamba unasema Kifaransa. Hilo la Kifaransa lina uzito kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu Komoro, Mayotte na Madagaska karatasi za bandarini huandikwa kwa lugha hiyo. Kwa chakula mara nyingi utaombwa mchango wa dola 10 hadi 25 kwa siku. Kabla ya kukubali, omba kusafiri na nahodha mchana mmoja, hesabu majaketi ya kuokolea, na uulize redio inafanya kazi.

Nahodha ataogopa pasipoti yako kuliko kukosa kwako uzoefu. Ukiingia nchi kama baharia na ukakwama, yeye anaweza kudaiwa gharama ya kukurudisha. Mwonyeshe mapema pesa ya tiketi ya kurudi, kadi ya homa ya manjano na pasipoti yenye miezi sita au zaidi. Mayotte ni Ufaransa: bila viza iliyopatikana kabla, usipande chombo kinachokwenda huko. Na siku ya kushuka, nenda naye uhamiaji jina lako lifutwe kwenye orodha ya mabaharia na pasipoti igongwe muhuri, yeye akiwa bado amesimama pale.