Je, wajua kwa nini farasi wa mbio akivunjika mguu mara nyingi haponi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mfupa wa farasi ukivunjika hauungi tena. Nilielezwa hivyo utotoni, nami nikawaeleza wengine. Si kweli. Mfupa wa farasi huunga kama wa ng'ombe, mbwa au binadamu. Ufa mdogo karibu na kifundo hukazwa kwa skrubu, farasi akapumzishwa miezi kadhaa, na wengine hurudi mbioni kabisa. Wapo pia wanaodhani mwenye farasi humuua kwa sababu hana faida tena. Fedha zina nafasi yake, maana matibabu ni ghali na ya muda mrefu. Lakini hata tajiri anayempenda farasi wake kwa dhati hushindwa, na mara nyingi kinachomshinda si mguu uliovunjika. Ni ile mitatu iliyobaki mizima.

Farasi aitwaye Barbaro alishinda Kentucky Derby, mbio mashuhuri za farasi za Marekani, Mei 2006. Wiki mbili baadaye, katika mbio za Preakness mjini Baltimore, Marekani, mguu wake wa nyuma wa kulia ulivunjika vipande zaidi ya 20. Wapasuaji wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliuunga kwa bamba la chuma na skrubu 27, na mifupa ikaanza kushikana. Kisha, mwezi Julai, ukaugua ukwato wa nyuma wa kushoto, ambao haukuwa umeumia hata kidogo. Baadaye ugonjwa ulifika miguu ya mbele, na tarehe 29 Januari 2007 madaktari wakamchoma sindano ya kumuua ili asiteseke zaidi.

Ugonjwa huo huitwa laminaitisi. Farasi husimama juu ya kidole kimoja katika kila mguu, na mfupa wa kidole hicho umening'inia ndani ya ukwato. Unashikiliwa na mamia ya vikunjo vyembamba vya nyama vinavyoingiliana na vikunjo vya ukuta wa ukwato. Chukua vitana viwili, uingize meno ya kimoja katikati ya meno ya kingine, ndivyo vilivyoshikana. Mshiko huo ndio unaombeba mnyama wa kilo 500.

Vikunjo hivyo vina uhai, na hulishwa na damu. Mtazame farasi aliyesimama bandani. Utadhani ametulia tuli, kumbe kila baada ya muda anahamisha uzito, mguu mmoja wa nyuma ukalegea mpaka ncha ya ukwato tu ndiyo inayogusa chini. Kidogo hicho kinatosha kuirudisha damu. Sifongo ukiiminya na kuiachia hunyonya maji, lakini ukiilaza chini ya jiwe hubaki kavu. Farasi aliyevunjika mguu hana pa kuhamishia uzito, kwa hiyo mguu wa upande wa pili unabaki chini ya jiwe usiku na mchana. Vikunjo vinakosa chakula, mshiko unaachia, na mfupa unazama ndani ya ukwato kwa maumivu makali mno. Watafiti bado wanajadili namna hasa vikunjo vinavyokufa, na si kila farasi hupatwa.

Mbona asilazwe? Akilala muda mrefu, uzito wake mwenyewe hukandamiza misuli na mapafu. Kumshikilia kwa mikanda husaidia baadhi, wengine huingiwa na hofu wakajiumiza. Mwaka 1975 farasi jike Ruffian alizinduka baada ya upasuaji akirusha miguu kama aliye bado mbioni, akaharibu plasta na mguu wenyewe. Ikabidi auawe.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuzuia mguu usivunjike. Uchunguzi wa mizoga huko California, ulioanza 1990, umeonyesha kwamba wengi waliovunjika mbioni walikuwa tayari na madhara ya zamani mahali palepale. Marekani ilianza kutumia kanuni za usalama za kitaifa Julai 2022. Vifo katika mbio za nchi hiyo vilikuwa 2.00 kwa kila mara 1,000 farasi anapoingia mbioni mwaka 2009, na 1.32 mwaka 2023.

Siku ya mbio, daktari wa wanyama hupapasa miguu ya mbele kwa vidole, akitafuta joto na uvimbe, kisha hukunja kifundo. Farasi hukimbizwa polepole mbele yake, naye hutazama kichwa: mguu wa mbele wenye maumivu ukigusa ardhi, kichwa huinuka. Akiona hivyo ana mamlaka ya kumwondoa farasi mbioni, hata mwenye farasi na mkufunzi wakilalamika.