Mwandishi wa teknolojia anataka kuongea na mhandisi

Februari 2023 Google ilitoa tangazo fupi la kuitambulisha Bard, programu yake ya akili unde. Ndani ya tangazo hilo Bard inaulizwa mtoto aelezwe nini kuhusu mambo mapya yaliyogunduliwa na darubini ya anga ya James Webb. Katika majibu yake ikasema darubini hiyo ndiyo iliyopiga picha za kwanza kabisa za sayari iliyo nje ya mfumo wetu wa jua. Haikuwa kweli. Picha ya kwanza ya sayari ya aina hiyo ilipigwa mwaka 2004 na darubini ya VLT iliyoko Chile, miaka 17 kabla James Webb haijarushwa. Shirika la habari la Reuters likalibaini kosa hilo na kuliandika, na siku hiyo hiyo thamani ya Alphabet, kampuni mama ya Google, ikaporomoka sokoni kwa takriban dola bilioni 100.

Kisa hiki nimekitumia mara nyingi ninapokaa na maofisa uhusiano wapya, wale wanaoisemea kampuni kwa waandishi wa habari. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na mtu yeyote mwenye elimu ya nyota angelisimamisha kwa dakika moja. Lakini linaonyesha waandishi wa habari za teknolojia hufanya nini na vitu tunavyowatumia: huvijaribu. Mwandishi wa michezo hawezi kurudia mechi ili ahakikishe matokeo. Huyu wa teknolojia anaweza kupakua programu yako usiku huo huo, akaibonyeza mpaka ikagoma, halafu asubuhi akakupigia simu.

Kwa hiyo taarifa yoyote kwa vyombo vya habari, kabla haijatoka, ipite kwanza mikononi mwa mhandisi aliyetengeneza kitu kinachosemwa. Mkurugenzi wake hatoshi. Mwulize swali moja tu: hapa pana sentensi gani ambayo mwenzako wa kampuni nyingine angeicheka? Ataionyesha. Mara nyingi itakuwa ile ambayo wewe uliipenda kuliko zote.

Maneno ya sifa ndiyo ya kwanza kufutwa na mhariri. "Ya kimapinduzi", "suluhisho bunifu", "ya kwanza ya aina yake". Na mimi nimeyaandika, sijifichi. Miaka mingi iliyopita nilituma taarifa ya kurasa mbili, nikaiona imekamilika, na mwandishi mmoja akanipigia kuuliza kwa upole kabisa: "Sasa hicho kitu kinafanya nini?" Nilirudia kuisoma nikiwa bado kwenye simu. Jibu halikuwamo. Tangu hapo aya yangu ya kwanza husema kitu ni nini, kinamfanyia nani kazi gani, kinapatikana lini na kwa bei gani. Tena huongeza jambo ambalo wakubwa hulipinga kila mara, nalo ni kile ambacho bado hakiwezi kufanya. Mwandishi atakigundua tu. Heri akisikie kwako.

Penye takwimu ndipo uaminifu wetu unapopotea zaidi, na hapo nitakaa kidogo. Ukiandika kwamba kifaa kina kasi mara tatu zaidi, swali la kwanza litakuwa: kuliko nini? Kuliko toleo la mwaka jana, au lile la miaka mitano iliyopita? Kilipimwa na nani, kikiwa kinafanya kazi gani? Ukisema una watumiaji milioni moja, utaulizwa kama hao ni watu waliojisajili tangu mwanzo au wanaoifungua programu angalau mara moja kwa mwezi. Hizo ni namba mbili tofauti, na mara nyingi ya pili huwa ndogo mno kuliko ya kwanza. Ukisema mfumo wa akili unde unapatia kwa asilimia 95, mwandishi makini atataka kujua ulijaribiwa kwa data gani, na zile asilimia tano unapokosea unamkosea nani. Mfumo unaokosea kupendekeza wimbo na mfumo unaokosea kusoma picha ya mapafu ya mgonjwa haviandikwi kwa wino mmoja. Kama namba haina njia ya upimaji inayoweza kuelezwa kwa sentensi mbili, iondoe. Taarifa isiyo na namba huvumilika. Yenye namba isiyo na mwenyewe hukurudia.

Halafu mjue unayemwandikia. Tunasema "waandishi wa teknolojia" kana kwamba ni kundi moja, kumbe yupo anayepitia simu na kompyuta, yupo anayefuatilia mitaji na mauzo ya kampuni, yupo wa usalama wa mitandao, yupo wa sera na sheria za data. Habari ya kamera mpya ya simu ukimpelekea mwandishi wa udukuzi, umemwambia wazi kwamba hujawahi kumsoma. Soma habari zake tano za karibuni. Haichukui nusu saa.

Anapokubali kuongea, mpe mhandisi. Kaa chumbani ukipenda, lakini usimjibie, na usikatize kila anapokaribia jambo la ndani. Kazi yako imefanyika kabla ya hapo: kumweleza mhandisi nini ni siri ya kibiashara, nini kinaruhusiwa, na kwamba "sijui" ni jibu halali mradi lifuatwe na saa ambayo jibu litaletwa. Wahandisi wengi huogopa waandishi kwa sababu wanadhani watanukuliwa vibaya. Ukweli ni kwamba hunukuliwa vibaya zaidi maelezo yao yanapopitia kwetu, tunapoyalainisha hadi yanapoteza maana.

Kuhusu zuio, yaani kumpa mwandishi habari mapema kwa masharti kwamba asiitoe kabla ya saa fulani: ni makubaliano, na makubaliano huanza kwa kuuliza. Kuandika "hairuhusiwi kuchapishwa kabla ya Jumatano" juu ya barua pepe uliyomtumia mtu asiyekubali lolote hakumfungi. Desemba 2008 Michael Arrington, aliyekuwa akiongoza tovuti ya habari za teknolojia ya TechCrunch, alitangaza kwamba chombo chake hakitaheshimu tena mazuio isipokuwa kwa wachache anaowaamini. Alikuwa amechoka kuona habari moja ikitumwa kwa kila mtu, anayevunja ahadi anaitoa mapema, kisha wiki inayofuata anatumiwa nyingine kama kawaida. Zuio hueleweka linapokuwa na sababu, kwa mfano utafiti mgumu unaohitaji siku kadhaa kusomwa, au kasoro ya usalama ambayo ikitangazwa kabla ya kurekebishwa itawaumiza watumiaji. Sababu hiyo isemwe. Vivyo hivyo na maneno ya "usininukuu": yakubaliwe kabla hujafungua mdomo, kwani aliyekwisha sikia hawezi kurudisha.

Na usimfiche anayekulipa. Mei 2011 kampuni ya uhusiano wa umma ya Burson-Marsteller iliwashawishi waandishi na wachambuzi waandike mabaya kuhusu namna Google inavyotumia taarifa za watu. Mtafiti mmoja wa usalama akauliza mteja ni nani. Hawakumtajia, naye akaziweka barua pepe zao hadharani. Siku chache baadaye ikajulikana kuwa mteja ni Facebook, na Burson-Marsteller yenyewe ikakiri kwamba kazi kwa masharti hayo ilipaswa kukataliwa. Hoja kuhusu faragha huenda ilistahili mjadala. Nani aliusikiliza tena?

Siku mbaya ndizo zinazompima ofisa uhusiano. Mwaka 1994 mwalimu wa hisabati, Thomas Nicely, aligundua kwamba kichakataji cha Pentium cha Intel, yaani kile kipande kinachofanya hesabu ndani ya kompyuta, kilikuwa kikikosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Intel ilikuwa imekwisha kuliona tatizo hilo ikanyamaza. Habari zilipotoka, ikajibu kwamba mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000, na kwamba ingewabadilishia wale tu watakaoonyesha kuwa wanahitaji. Mhandisi angeweza kuitetea hesabu hiyo. Tatizo ni kwamba waandishi walikuwa wakiuliza kitu kingine kabisa: mlijua lini, na mbona hamkusema? Desemba mwaka huo kampuni ikasalimu amri, ikakubali kumbadilishia kila aliyetaka, na ikatenga dola milioni 475 kwa gharama hizo. Uber nayo ilificha udukuzi wa mwaka 2016 uliogusa taarifa za watu milioni 57, ukajulikana Novemba 2017, na kufichwa kwenyewe kukawa habari kubwa kuliko udukuzi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kuna pia ukimya usio na nia mbaya, wa kusubiri mpaka kila kitu kithibitishwe. Oktoba 4, 2021 huduma za Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Siku hiyo hiyo Cloudflare, kampuni nyingine kabisa ya huduma za intaneti, ikachapisha maelezo ya kitaalamu ya namna njia za kuifikia Facebook zilivyotoweka kwenye intaneti, na waandishi wakayatumia. Pengo la maelezo huzibwa na yeyote aliye karibu. Ofisa uhusiano anaweza kusema mapema mambo matatu: tunachokijua, tusichokijua bado, na saa tutakayotoa taarifa nyingine. Saa hiyo ikifika aitoe, hata kama kilichoongezeka ni kidogo.

Habari ikichapishwa ikiwa na kosa, tenganisha kosa na usichokipenda. Tarehe iliyokosewa, jina la bidhaa, kipimo kilichochanganywa: hayo mwandikie mwandishi mwenyewe kwanza, kwa ufupi, ukiambatanisha ushahidi, kabla ya kumfikia mhariri wake. Kichwa cha habari kilichokukera si kosa, na mara nyingi hata si yeye aliyekiandika. Wala usiombe kuisoma habari kabla haijatoka. Unachoweza ni kujitolea kuhakiki maelezo ya kiufundi, na wengi huitikia.

Jambo la mwisho ni dogo kiasi cha aibu. Taarifa ikishatumwa, uwe unapatikana. Mwandishi hupiga simu ndani ya saa moja ya kwanza, au saa mbili usiku kabla ukurasa haujafungwa. Nimeona taarifa nzuri, yenye namba zilizohakikiwa na mhandisi aliyekaa tayari kuhojiwa siku nzima, iliyokwisha kwa namba ya simu ya mtu aliyekuwa ameacha kazi miezi minne nyuma.